Ndizi Zilizomenywa Chumbani kwa Mama

Mke wangu akimenya ndizi, harufu ile ya utomvu hunirudisha utotoni, kijijini Nyakasimbi, chumbani kwa mama.

Siku hizo mama hakuwa na homa, lakini hakutoka kitandani. Hodi ikibishwa, alijifunika blanketi gubigubi. Niliogopa hatasema nami tena.

Asubuhi moja jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kufika Uganda bila pasipoti, aliingia na mkungu kichwani.

"Shikamoo," nilinong'ona. "Mama hataki wageni."

"Marahaba, baba. Mgeni nani? Sikuja kumwamsha. Nimekuja kumenya ndizi zangu."

Akakaa sakafuni kando ya kitanda. Alimenya vibaya kuliko mtu yeyote tangu ndizi ziumbwe, nusu ya ndizi ikiondoka na ganda, huku akisimulia jinsi jogoo wake alivyomkimbiza mkwewe hadi sokoni Nkwenda. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, bila kuuliza mama anaumwa nini.

Ndipo blanketi likasogea.

"Wewe, unamenyea watu au mbuzi?" Sauti ya mama ilikwaruza.

"Kama sijui, si umenye wewe!"

Mama akashusha miguu, akachukua kisu. Alimenya ndizi moja, safi, polepole, kisha akalala tena. Jirani hakumbembeleza aongeze ya pili. Aliipika pamoja na zake, na mchana akanipakulia ile moja peke yake.

Nilishiba wiki nzima.