Mgema wa Kwenye Karatasi

Mwaka wa themanini na saba Kanze Masha alikuwa na miaka thelathini na miwili, naye alikaa dawati moja na watoto wa rika la mwanawe, kufanya mtihani wa darasa la nane. Hakutafuta sifa. Kule Adu alikuwa akifunza chekechea, na kamati ya shule ilishasema: asiye na cheti, Januari ampishe mwenye nacho.

Karatasi ya Kiswahili ikafunguliwa. Habari ya ufahamu ilikuwa ya mgema wa tembo la mnazi. Kanze akatabasamu. Babake, Mzee Masha, alikuwa akigema tangu yeye hajazaliwa. Hapo atashindwa na nini? Akaisoma juu juu, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yao. Mgema hukwea mara ngapi kwa siku? Akapaka C: mara tatu, kama babake. Na mengine vivyo hivyo, mbio mbio.

"Zimebaki dakika kumi," akasema msimamizi.

Ndipo akaukumbuka ukali wa Mwalimu Mwikali, aliyekuwa akimfunza jioni. "Dada Kanze, nani amekuuliza unajua nini? Soma maswali kwanza, kisha uyasake majibu kwenye habari kama unavyosaka chawa. Weka kidole kwenye mstari!"

Akarudi nyuma, kidole kwenye mstari. Loo! Huyu mgema wa karatasi alikwea mara moja tu, alfajiri. Huyo ni mgema au mgonjwa? Kukubali hivyo, kwa Kanze, kulikuwa sawa na kumwita babake mvivu. Kifutio mkononi, moyo hautaki. Dakika tano. Akalifikiria darasa lake, akafuta. Akafuta na jibu la swali la tatu, na la nne, polepole karatasi isichanike, jasho likimtiririka. Kengele ikalia penseli ingali kwenye A.

Nje, Jefwa, mtu mzima mwenziwe katika mtihani, alikuwa akicheka. "Swali la mgema wametupa bure! Mgiriama adanganywe habari za tembo? Mara tatu!"

"Kwani habari yenyewe uliisoma, kaka?"

"Niisome ya nini, na mimi nimegema?"

Kanze akashika njia ya kwenda kwao. Kama Jefwa ndiye aliyepata, basi yeye amejifutia kazi kwa mkono wake.

Matokeo yalipokuja, Kanze alikuwa amepita, na kamati ikamwachia darasa. Mzee Masha aliposikia kuwa waliulizwa habari za ugema, alijipiga kifua. "Basi ni mimi niliyekupasisha, mwanangu!"

"Ndiyo, baba," akasema Kanze. "Asante."