Mgonjwa wa Kilo Nne

Kisiwani kwetu Pemba kila mtu ana UTI. Kichwa kikiuma ni UTI, mgongo ukikaza ni UTI, na mtu akiamka hataki kwenda kuchuma karafuu, hiyo ndiyo UTI yenyewe. Mimi niliacha skuli darasa la sita, nikazurura Tanga na Mtwara, nikarudi nikavua Kisiwa Panza mpaka bahari ikanichoka. Kote huko sijaona watu wenye vibofu mashuhuri kama majirani wa shangazi yangu pale Wawi, ambako siku hizi nimepewa chumba cha uani.

Kwa hiyo paka wa shangazi alipoanza kukojoa matone yenye damu, hakuna aliyeshangaa. Zamu yake ilikuwa imefika.

Huyo paka ni jike la kijivu, umri wake miaka kumi na moja. Aliingia nyumbani shangazi akiwa ndani ya eda, mumewe hajatimiza mwezi kaburini. Watu walikuwa wakija kumpa pole, na wakimaliza pole wanauliza mikarafuu itagawanywa vipi. Paka alikuja akala kichwa cha samaki, akalala. Hakuuliza kitu. Toka siku hiyo hajapewa jina na hajawahi kufukuzwa. Shangazi humwita "yuno", yaani huyu, na inatosha.

Jumamosi yuno akakojoa juu ya msala. Shangazi aliukuta umelowa wakati anakwenda kusimama kwa alasiri.

"Paka hana najisi, lakini nkojo wake unayo," alisema, akiushika msala kwa vidole viwili. "Akirudia tena, Ijumaa yuno anakwenda soko la samaki Chake. Akajitafutie huko."

Alisema bila kunitazama. Nilijua atampeleka kweli, kwa sababu sala haina mjadala. Nilijua pia kwamba akishampeleka hatakula siku tatu. Na paka wa miaka kumi na moja, mgonjwa, katikati ya yale mapaka ya sokoni yenye masikio yaliyochanika, angemaliza juma?

Majirani wakajaa. Nyumbani kwa kila Mpemba kuna mkebe wa biskuti usio na biskuti. Ndani yake zimo dawa zilizobaki, kwa sababu kwetu mtu akianza kupata nafuu siku ya pili huona ni israfu kuendelea kumeza. Basi kila aliyeingia alikuja na mkebe wake, na baraza ya shangazi ikawa hospitali kuu, ila yenye madaktari wengi zaidi.

"Mpe rangi mbili," alisema jirani wa kushoto, akiinua kidonge cha kapsuli.

"Rangi mbili zipi? Ile nyekundu na nyeusi ndiyo kali. Hiyo ya kwako ni ya mafua," alijibu wa kulia.

"Mafua gani, miye imeniponesha jino!"

"Sipro, bibi wee!" alidakia wa nyumba ya nyuma. "Nimebakiwa na tatu. Sipro haishindwi na kitu."

Nikamuuliza hiyo sipro aliandikiwa kwa ugonjwa gani. Mwenyewe hakumbuki, ila anakumbuka ilikuwa ghali, na dawa ghali inajua kazi yake. Mimi nina kaugonjwa kangu: nasoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, hata kama sivielewi vyote. Nimesoma vingi kuliko vitabu. Hakuna hata kimoja kilichosema dawa huchaguliwa kwa rangi, lakini nani anisikilize mimi, mtu wa darasa la sita?

Shangazi naye, huku madaktari wakibishana, alisaga kidonge cha parasetamoli kutoka mkebe wake akakichanganya na dagaa. Paka akanusa, akatutazama wote mmoja mmoja, akaondoka. Tukamwona hana adabu.

Jumatatu asubuhi nikaamua kufanya mambo kisomi. Nikampima paka dukani kwenye mzani wa unga, muuza duka akiwa ameinama kutafuta chumvi, kisha nikenda duka la dawa. Kwa akili yangu kubwa niliona kwamba nikisema ni paka watanicheka. Nikapanga kusema ni mtoto. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye miwani na kalamu, na nyuma yangu palikuwa na foleni.

"Dokta, nataka dawa ya UTI."

"Yako?"

"Ya mtoto. Wa kike."

"Umri?"

"Kumi na moja."

"Kilo ngapi?"

"Nne."

Kalamu ikasimama. "Arubaini na nne?"

"Nne. Alikuwa na nne na robo kabla hajaanza kuumwa."

Bibi mmoja kwenye foleni akasema, "Astaghfirullah!"

"Kaka," dada akavua miwani, "mtoto wa miaka kumi na moja ana kilo nne?"

"Ana umbo dogo. Ukoo wetu ndivyo ulivyo."

Foleni nzima ikanitazama, na mimi nina kimo cha mnazi.

"Anakula?"

"Dagaa. Ila tangu juzi kasusa."

"Kutembea anaweza?"

"Anapanda mpaka juu ya paa."

"Huyo ntoto kapagawa," bibi akatoa uamuzi. "Akasomewe, dawa ya duka haitamfaa kitu."

Dada mwenye kalamu akairudisha miwani usoni. Halafu akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza kuhusu marehemu, "Huyu mtoto, kaka yangu, ana mkia?"

"Anao," nikasema.

Walicheka mpaka mtu wa duka la jirani akaja kuuliza kuna nini, akahadithiwa, naye akaanza upya.

"Sasa kwa nini umesema uongo?"

"Ningesema ni paka, ungenipa?"

"Nisingekupa. Na mtoto pia nisingekupa bila cheti cha daktari." Kwa hiyo uongo wangu wote ulikuwa kazi bure. Akaniambia daktari wa mifugo yuko Mgogoni siku hiyo, anachanja ng'ombe. "Na mpeleke na mtoto mwenyewe," akaongeza.

Nikamtia yuno ndani ya pakacha, nikalifunga juu kwa kanga ya shangazi, nikalikaza nyuma ya baiskeli. Alilia njia nzima. Niliopishana nao walidhani nimeiba kuku asiyejua kulia.

Daktari wa mifugo nilimkuta kwenye zizi, kijana mwenye mabuti, watu wanne wamemshikia fahali. Nilidhani atakasirika kuletewa paka, kumbe alifurahi kushika kitu kisichompiga teke. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mkojo unatoka.

"Unatoka, kidogo kidogo."

"Alhamdulillahi. Ukiona paka anajikamua halafu hakitoki kitu, hasa dume, usingoje hata saa moja. Anakufa huyo. Mmeshampa nini?"

Nikamwambia habari ya dagaa wa parasetamoli.

Akaacha kumpapasa tumbo. "Kala?"

"Kagoma."

"Basi ana akili kuwashinda nyote. Kidonge kile kimoja tu kinamuua paka."

Nilimtazama yule asiye na adabu ndani ya pakacha, nikatamani kumwomba radhi.

Daktari akasema si kila paka anayekojoa damu ana vijidudu. Wengi wao, hasa vijana, hawana, na dawa za kuua vijidudu haziwafai kitu. Mzee kama huyu anaweza kuwa navyo, ila lazima kutazama kwanza. Akavuta mkojo kwa sindano nyembamba, akaniambia nimfuate ofisini baada ya adhuhuri. Huko akauweka kwenye hadubini, akaniachia na mimi nichungulie. Niliona vijiti vidogo vikitikisika, nikachungulia mara ya pili, na ya tatu, mpaka akanisogeza.

"Vijidudu vipo. Tunaanza na amoksilini ya maji, ile ya watoto, kwa kipimo cha kilo zake."

"Si sipro?"

"Sipro ni askari wa mwisho. Humtoi kambini kwenda kumkamata mwizi wa kuku. Ukimtumia kwa wezi wadogo, siku wakija majambazi watakuwa wanamjua kwa sura." Akaandika cheti. "Asubuhi na jioni, siku tano. Hata akipona, hata akicheza ngoma, siku tano. Itakayobaki irudishe duka la dawa."

Dada wa duka la dawa alikisoma cheti kwa sauti, ili foleni mpya nayo ifaidi: "Mgonjwa, paka. Jike. Kilo nne." Kisha akageuka, akaichukua chupa iliyokuwa rafuni nyuma yake tangu asubuhi.

Jumatano mkojo ulikuwa mwingi na safi, kwenye mchanga wa uani, mahali pake. Shangazi akaubeba mkebe wa biskuti.

"Kapona. Lete chupa tuiweke."

"Bado siku mbili, shangazi."

"Ntu mzima anapoteza dawa kwa paka mzima?"

"Hiyo mikebe ndiyo iliyotaka kumuua."

Akauweka mkebe chini, akamviringisha yuno kwa kanga, akamfungua mdomo mwenyewe, na kila jioni baada ya hapo akafanya hivyo, huku akimtukana kwa mapenzi makubwa.

Ijumaa alasiri akatandika msala uliofuliwa. Yuno akaja, akaukanyaga, akazunguka mara mbili. Shangazi mikono ameshaiinua, takbira haijatoka. Na mimi mlangoni sikuhema. Paka akakunja miguu, akalala katikati.

Shangazi akasogea, akasalia kwenye mkeka mtupu.

Alipotoa salamu, kabla hata ya uradi, akanigeukia. "Chupa iko wapi?"

"Ipo. Leo tunamaliza dozi ya jioni, kesho iliyobaki inarudi duka la dawa."

"Inarudi!" Akashika kiuno. "Na miye tangu asubuhi n'nahisi n'na UTI."