Mwanya wa Katikati ya Nyimbo

Vumbi likiungua ndani ya mashine ya umeme lina harufu yake, na mimi mpaka leo nikiisikia, hata kama ni pasi ya jirani, moyo unanirudisha West Indies, mtaa wetu wa Eldoret, kwenye sebule yetu ya sakafu nyekundu, mbele ya gramafoni ya baba. Baba alikuwa fundi wa matrekta huko Soy, na mzungu aliyemwandika alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia hiyo gramafoni pamoja na nusu sanduku ya santuri. Ilikuwa nzito, watu wawili ndio waliibeba. Ukiiwasha inakaa kwanza, inapata joto, inanuka, ndipo inaanza kuimba. Mama alisema inanuka kama nywele zilizoshika moto. Mimi niliipenda hiyo harufu kuliko ya chapati, na chapati miaka hiyo tuliiona Krismasi na siku mgeni amekuja. Lakini wacha nisiingie kwa chapati, sitatoka.

Miaka hiyo redio ilikuwa ya serikali peke yake. Ilikupa nyimbo za kusifu, ikakupa habari, ikakupa salamu za watu usiowajua, na ukiupenda wimbo fulani unangoja mpaka wao wapende kuurudia. Ndiyo maana mtu mwenye santuri alikuwa mtu. Na mimi, Chebet, msichana wa darasa la tano ambaye darasa la sita sikuliona, nilitaka kitu kimoja tu: nyimbo zishikane. Nilikuwa nimechungulia disko ya vijana mchana wa sikukuu moja, pale ukumbini, nikaona jamaa mmoja ana mashine mbili. Wimbo wa kwanza haujaisha, wa pili umeingia chini yake pole pole, na watu wakaendelea kucheza bila kujua wamehamishwa. Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mama alinishika kwenye paji la uso akidhani nina malaria.

Sisi gramafoni yetu ilikuwa moja. Mashine ya pili ilitoka kwa Hodhan. Hodhan alikuwa rafiki yangu wa mlango wa pili, rika langu, mtoto wa Mama Hodhan aliyekuwa na duka pale kona. Baba yake aliendesha lori za kwenda kaskazini, Wajir mpaka Moyale, na nyumbani hatukumwona sana. Walikuwa na redio kaseti kubwa yenye mshikio wa kubebea, na Mama Hodhan alituruhusu kuichukua mchana. Mawe yake, yaani betri, yakiisha nguvu tulikuwa tunayaanika juu ya mabati, yakipata jua yanaimba tena nusu saa. Tukaiweka redio mbele ya spika ya gramafoni, ikirekodi kwa maiki yake yenyewe, kwa hivyo nyumba nzima ilitakiwa kunyamaza. Kaseti zetu za kwanza zilikuwa na mbwa, na mama akiuliza nani amemaliza sukari.

Sasa namna ya kuunganisha ilikuwa hivi. Chini ya santuri niliweka karatasi ya pakiti ya unga niliyoikata mviringo, ndipo niweze kuishikilia santuri kwa kidole huku sahani ya chini ikizunguka. Juu ya mkono wa sindano nilibandika sarafu ya sumuni isirukeruke. Wimbo ukikaribia mwisho Hodhan anasimamisha ukanda. Mimi nabadilisha santuri, natafuta pigo la kwanza la ngoma, naizuia hapo kwa kidole. Halafu nashusha kidevu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi na kuongea haikubaliki. Kidevu kikishuka, mimi naachilia santuri na yeye anaachilia ukanda, pamoja kabisa. Mara ya kwanza ilipokubali tuliangaliana tukaogopa hata kucheka. Ilituchukua likizo nzima ya Agosti. Tulijifunza pia kuchagua, kwamba huwezi kutoa mtu kwa rumba ya polepole ukamtupa kwa benga ya mbio, atajikwaa. Lazima katikati uweke wimbo wa kumshika mkono.

Dada yangu Jerono alikuwa anaolewa Desemba. Alikuwa anaenda mbali, na alikuwa ameniambia mbele ya mama kwamba ataingia uwanjani na kaseti yangu na si ya mtu mwingine. Mjomba mmoja akacheka, akasema harusi ya mtoto wa fundi itachezwa na watoto wa jikoni. Tukatengeneza kaseti nzuri, dakika thelathini kila upande, bila mwanya hata mmoja.

Ijumaa, harusi ikiwa kesho, redio ikaila. Kama hujawahi kuona kaseti ikiliwa hujui uchungu. Ukanda ulitoka kama matumbo ya kuku, umekunjika, umekatika. Hodhan alikuwa chuo cha Kurani, siku hiyo walikuwa na kisomo kirefu. Nikaenda kwao kutafuta kaseti nyingine. Mama Hodhan alikuwa anapimia mtu sukari, akaniambia ingia tu. Juu ya kabati kulikuwa na mkebe wa biskuti wenye kaseti. Nikachukua moja isiyoandikwa kitu.

Hapa nitasema ukweli wote. Ile kaseti ilikuwa imevunjwa vile vijino vya nyuma. Kila mtu alijua maana yake: mwenyewe hataki irekodiwe tena. Na niliisikiliza kidogo. Nikasikia mwanamke mzee akiongea Kisomali, na nyuma yake mbuzi. Nikajiambia ni mahubiri. Nikakata kipande cha pakiti ya maziwa ya shule, nikakikunja, nikaziba yale matundu, nikarekodi.

Peke yangu haikuwa sawa. Nilikuwa nashika santuri kisha nakimbilia batani. Mahali pamoja nilirudisha ukanda nyuma nisikie kama umeshika, nikachelewa kuufunga, ukapitiliza, yule mzee akaongea kidogo, nikafunga. Giza lilikuwa linaingia na wageni wameanza kufika. Sikurudia. Nikaendelea kutoka hapo hapo.

Jumamosi Jerono aliingia na kaseti yangu. Vumbi likapanda, yule mjomba wangu akacheza mpaka kofia ikaanguka. Mama Hodhan alikuwa amekuja kusaidia, alikuwa anawamiminia wazee chai kwa birika kubwa. Wimbo wa tatu ukaisha, na kabla ya wa nne, katika mwanya niliouacha, sauti ya yule mwanamke mzee ikatoka kwenye spika ikajaza uwanja. "Hodhan, ayeeyo," akaita, neno lao la bibi, kisha akakohoa, mbuzi akalia, na benga ikaingia.

Watu walidhani ni redio. Mama Hodhan aliweka birika chini, kwenye nyasi, chai ikamwagika. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Wajir mvua zilipoanza. Tulikuwa tumeenda kuwapa pole. Sikujua kwamba barua zake zote zilikuwa kaseti. Hakujua kuandika. Alikuwa anaongea kwenye redio ya jirani, na lori la mkwe wake linaileta sauti yake Eldoret pamoja na nyama kavu. Hiyo ilikuwa ya mwisho.

Mama Hodhan alikuja mpaka kwa redio. "Rudisha hapo," akaniambia. Nikarudisha. Akasikia. "Rudisha tena." Mara tatu, harusi imesimama, Jerono amesimama na maua yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Na ile nyingine yote iko wapi?" Akaitoa kaseti, akakiona kile kikaratasi cha maziwa, akakichomoa kwa ukucha. "Nani alitoa hii kwa mkebe?"

Hodhan alikuwa amesimama kando yangu. "Ni mimi, hooyo. Mimi nilimpa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema, ilikuwa ndefu kuliko mwanya wowote niliowahi kuacha, nikaipita hivi hivi. Baadaye, tukichota maji kwenye mfereji, nilimuuliza mbona alisema hivyo. Akajibu bila kuniangalia, "Ningesema ni wewe, redio haingekuja kwenu tena." Redio haikuja hata hivyo. Mwaka mpya baba yake akahamishia kazi Isiolo, wakapakia kila kitu kwenye lori, mkebe wa biskuti Mama Hodhan akaupakata. Hodhan alinipungia mkono. Nilitaka kukimbia nikamwambie mama yake kwamba ni mimi niliyeitoa. Lori lilikuwa linaenda polepole kwa sababu ya matope, ningelifikia. Sikuwaona tena, na hilo neno ndilo nimeliandika hapa, kama kuna mtu anawajua, awafikishie.

Sasa nakaa Kiplombe kwa mtoto wangu. Mjukuu wangu Kipruto ni dijei, anaitwa kwenye harusi mpaka Kitale. Ana kompyuta, nyimbo elfu ngapi sijui, na zinashikana namna ile niliyoitamani, huwezi kujua moja imeishia wapi. Juzi nilikaa nyuma yake akifanya mazoezi. Hainuki kitu, hiyo mashine. Nikamuuliza nani anambonyezea batani. Akacheka, akasema, "Kogo, hapa ni mimi peke yangu." Nikamwambia ni vizuri. Nikaendelea kusikiliza, na kila wimbo ukikaribia kuisha, kidevu changu kinashuka chenyewe.