Matela Iliyoenda Nyangwe

Ninawaambia mimi mwenyewe mbele musikie kwa wengine, maana mu avenyu yetu hapa Kasongo kila mutu anapenda kuongeza chumvi, na haya yangu haihitaji chumvi.

Ilianza na matela, godoro yetu ya kulalia. Mama mukwe ndiye alitupatia siku ya ndoa, na ilipopasuka ku pembe akashona kiraka kwa mukono wake, kitenge ya njano yenye kuku wekundu (muwashike mu kichwa hao kuku). Miaka ikapita, matela ikaoza, ikanuka mikojo ya watoto wangu wote wanne, nikasema leo ninaibeba mpaka ku shimo ya takataka nyuma ya soko, lakini shimo iko mbali, na mvua ikaanza kupiga. Munajua desturi yetu: mvua ikipiga, kila mama anatoka anamwanga takataka mu mufereji, maji inabeba, tunarudi ndani watu safi. Basi nikasukuma matela. Ikaenda! Niliiona inageuka-geuka inaenda, nikamushukuru Mungu.

Mama mukwe alipouliza, "Matela yangu iko wapi?" nikajibu bila kupepesa macho: "Nilimutumia dada yangu kule Nyangwe, mama, alikuwa analala chini." Akanibariki. Mara mbili, na mimi nikaitika amina.

Kumbe matela haikufika popote. Ilikwama mu tiyo, ile bomba kubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, mbele ya nyumba ya Mama Sifa, mujane, nyumba ya matofali ya udongo. Kila mvua maji ikaruka mufereji ikala ukuta wake, jiko ikaanguka, halafu chumba wanamolala watoto ikapasuka. Na nani alilia kupita wote? Mimi. Nani alizunguka nyumba kwa nyumba, eti Jumamosi tufanye salongo, kazi ya wote, kila mutu atoke, tufungue mufereji kabla nyumba imwangukie mujane wa watu? Mimi! "Watu wa hapa hamuna haya, munatupa takataka ovyo!" (Nilisema hivyo, kwa mudomo huu huu.)

Wakatoka wote, Waislamu na Wakristo, wababa na majembe, wamama na mabeseni. Tukatoa sashe za plastiki, chupa, ndala, kisha jembe ya papa shefu, mukubwa wa avenyu, ikagota kitu laini. "Iko kitu kubwa humu, leteni kamba!" Mimi ndiye nilishika kamba mbele, nikaimbisha watu, hee tuvute, hee tuvute, mpaka kitu ikachomoka, tukaanguka wote mu matope, na maji ikashuka ikinguruma. Watu wakapiga makofi.

Nikafungua macho, nikaona kuku wekundu.

Nikairukia nikaikalia. Kweli tena, nilikaa juu ya kiraka nikijifanya nimechoka. Mama mukwe akakuja polepole na beseni yake. "Mama Zaina, inuka."

"Kiuno inaniuma, mama."

"Inuka, mwanangu."

Nikainuka. Akaangalia kiraka, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya kila mutu kusikia: "Kumbe Nyangwe iko hapa?"

Watu walicheka mpaka papa shefu akaangusha jembe. Mama Sifa hakucheka. Aliangalia ukuta wake, akasema tu, "Ni wewe, Mama Zaina?" Afadhali angenitukana.

Niliibeba ku kichwa mpaka ku shimo, maji yake ikinitiririka mu macho, hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Kesho yake mimi na bwana yangu tukaanza kufyatua matofali ya Mama Sifa. Siku ya tatu mama mukwe akakuja akaanza kuchota maji, na nyuma yake majirani. Sasa mufereji iko na zamu, kila nyumba na siku yake, na mvua ikipiga hakuna mama anayetoka na takataka. Ukichelewa kubeba yako ku shimo, utawasikia: "Huyu anataka kutuma Nyangwe!" Nimeapa, hata ganda ya ndizi sitatupa tena mu maji.

Juzi dada yangu alifika kutoka Nyangwe, ya kweli, akaniuliza kwa nini avenyu muzima inamuuliza kama analala vizuri. Nilichukua jembe nikaenda ku mufereji, na haikuwa hata zamu yangu.