Neno la Ticha na Bushera ya Mama

Katika utoto wangu, kwenye kilima kimoja upande wa Mibirizi, sumu ilikuwa na makao yake rasmi: chini ya ukucha wa kidole gumba cha mwanamke. Hakuna aliyebishana juu ya hilo. Mrozi, yaani mtia sumu, anakukaribisha kinywaji, anaonja kwanza mbele yako kama adabu inavyotaka, kisha akikukabidhi kikombe anachovya ukucha. Husikii ladha wala harufu. Unakonda taratibu, unakohoa, unakwisha. Sumu hiyo iliitwa karuho, na waliosemekana kuileta ni sisi tuliotoka Kongo.

Tulikuwa Wanyarwanda kama wao, lakini mama alizaliwa Bukavu, na mimi pia. Baba alipofariki, na vita vilipoanza, tulivuka mto wa mpaka tukapewa nyumba ya bati katikati ya watu waliotucheka kwa Kiswahili chetu. Asubuhi mama alipita mpaka wa Rusizi ya Pili na beseni la nyanya kichwani, siku ambazo risasi za ng'ambo zilinyamaza. Alasiri aliuza bushera, kinywaji cha mtama, kizito na kitamu, ambacho hata mlokole hunywa bila kujificha.

Mteja wake mkubwa alikuwa Ticha. Alikulia Uganda, akaja na Kiingereza kama mtu aliyenunua redio mpya: alikiwasha kila mahali. Darasani alikuwa na neno lake kipenzi, take. Wiki nzima tuliliimba. Kwa take tulikunywa dawa, tukapiga picha, tukavua viatu, tukaoa wake, tukapanda basi, tukashika njia ya kushoto, tukapokea ushauri. Sisi tuliokuwa na lugha tatu nyumbani, na kila tendo na kitenzi chake, tulikodoa macho. Lugha gani hii inayovua kiatu na kuoa mke kwa neno moja?

Nilimweleza mama huku akichuja mtama.

"Hii neno ni mwizi," alisema. "Inabeba vyote."

Ticha alikuwa na hotuba nyingine pia, ya ukucha. Alituambia kwamba karuho ni hadithi ya wajinga, kwamba msomi haogopi kidole cha mtu. Na jioni alikuja kwetu kuthibitisha. Mama alipotaka kuonja kwanza, alimnyang'anya kikombe. "Onjea wanakijiji, Maman Furaha. Mimi nina-take tu." Alikunywa viwili, akatazama barabarani kuona ni nani aliyemwona. Nilimhusudu mno.

Kisha Anakleti akaugua. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, mtu mzima, dereva wa lori aliyerudi kutoka safari za mbali akiwa nusu ya mwili wake. Alikuwa amekunywa bushera ya mama, kama kilima kizima. Mama yake alimpeleka Gikundamvura kwa mzee aliyetapisha watu waliorogwa. Alimnywesha majani, Anakleti akatapika kitu cheusi, na mzee akatamka: hii imetoka ng'ambo. Basi. Ng'ambo yenyewe, kwa hesabu za kilima, ilikuwa ni sisi, mlango wa tatu kutoka kwake.

Hakuna aliyekuja tena kununua. Shuleni walinishika mkono: "Furaha, tuonyeshe kucha!" Benchi langu likawa pana ghafla. Jioni mawe yalitua juu ya bati letu, na asubuhi moja tulikuta mavi ya mtu ndani ya chungu.

Nami nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Tangu kabla ya maneno hayo, mama alikuwa akirudi kutoka Bukavu na karatasi ndogo iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Ndani yake mlikuwa na vidonge. Anakleti alimpa hela akamwomba anunue kule, kwenye famasi ambako hakuna anayemjua mtu, kisha akavichukua nyuma ya choo chetu. Nilimkuta siku moja akivipokea. Alinitazama kama mwizi aliyekamatwa. Mama aliniambia, "Hukuona kitu," na sauti yake haikuwa ya utani.

Kwa hiyo responsable, kiongozi wa kilima, alipoitisha mkutano uani kwake Jumapili baada ya misa, sikuogopa sana. Ilikuwa juu ya kutufukuza au kutuacha, na mama alikuwa na jibu kwenye pindo la kitenge. Asubuhi ile alikata kucha zake zote mpaka kwenye nyama, akapika bushera, akajitwisha mtungi.

"Ona!" Mama Anakleti alipiga kelele hata hatujafika. "Amekata kucha! Muntu asiye na siri anakata kucha namna hii?"

"Ningezifuga ungesema nini?" mama alimjibu.

"Ungeniua na mimi!"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kutusaidia. Mama alimimina kikombe, akanywa nusu mbele yao, akajifuta midomo, akakinyoosha. Wanawake waliokuwa wakikopa kwake tangu mwaka uliopita walitazama nyasi. Mzee mmoja alirudisha mikono yake nyuma kama amechomwa. Mama akapita safu nzima, polepole, akamfikia Ticha.

Nilishusha pumzi. Huyu ndiye.

"Ticha," mama alisema. "Wewe hauogopi kidole."

"Maman Furaha, mimi..." Alikohoa. "Kwa sasa natumia antibiotiki. Daktari amenikataza."

"Antibiotiki inakataza mtama?"

"Tumbo, Maman. Ni mambo ya sayansi."

Kilima kizima kiliangua kicheko, na yeye akacheka pamoja nao, suruali yake ikiwa na mstari wa pasi ulionyooka kama kawaida. Nimekutana na Ticha huyo mara nyingi tangu siku ile. Chuo kikuu kilikuwa kimejaa yeye.

Nilimvuta mama kitenge. Nilitaka aseme, au mimi niseme: vidonge, Bukavu, nyuma ya choo. Nilifungua mdomo. Alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka, huku akiwatazama watu kana kwamba mkono ule haukuwa wake.

Hapo Anakleti akatoka nyuma ya watu, amejifunika blanketi juani. Sikujua kwamba amekuja. Alitembea akishika mabega ya watu, na watu wakiyaondoa.

"Nipe, Maman Furaha."

"Anakleti!" mama yake akapiga yowe. "Weka chini!"

Hakuweka. Alikunywa yote, akanyoosha kikombe aongezewe, akanywa tena. Kisha akaketi palepale chini kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha.

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa mtoto. Mama Anakleti alianguka magotini akilia: "Mumeona? Mumeona vile amemufunga? Hata akili amemunyang'anya, anamufuata kama mbuzi!" Na kilima kikaitikia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamua hakosi ushahidi. Responsable alisema, bila kututazama, kwamba kwa ajili ya amani ni vizuri tuhame kabla ya mwisho wa mwezi. Ticha alitikisa kichwa kukubali neno amani.

Tulihamia mjini Kamembe. Anakleti alifariki kabla ya mavuno, na kilima kikamlilia kama mtu aliyeuawa na Mkongomani. Msiba ulikuwa mkubwa, nasikia. Kila mtu alikuwepo.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipomuuliza mama vidonge vile vilikuwa vya nini. Aliniambia bila kupunguza sauti: sida, yaani ukimwi. Anakleti alijua, na mama alijua. Anahisi hata mama yake Anakleti alijua, ndiyo maana alipiga kelele vile. Miaka ile aliyekufa kwa karuho alizikwa na watu wote, wanawake wakapika msibani. Aliyekufa kwa sida alizikwa na ndugu zake wawili, na kikombe chake kikatupwa shimoni.

"Ungesema neno moja tu," nilimwambia. "Tungebaki na nyumba yetu. Walikutukana, mama, walituharishia chungu, na wewe ulikuwa na jibu mkononi."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha.

"Miye nilikuwa na Kamembe ya kuhamia," alisema. "Yeye angehamia wapi?"

Watu hutarajia nimalizie hapa kwa kumsifu, na anastahili. Lakini mimi sina moyo wake. Wale watu sijawasamehe, Ticha nikimwona nahama upande wa barabara, na Mama Anakleti, ambaye bado yu hai, sijapata kumsalimia. Mama humsalimia. Wakikutana sokoni wanaulizana habari za magoti, wanawake wawili wanaojua kitu kimoja, na hakuna anayekitaja.