Makumbi ya Mlingotini na Okidi ya Marehemu

Mniwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Leo nimegundua kwamba ua la marehemu mume wangu nimelitia chumvi kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni ile okidi ya barazani, aliyoipenda kuliko kiti chake. Mizizi ilikuwa imekijaza chungu hadi ikaning'inia nje.

Muuza maua alinishauri ninunue magome ya miti na mkaa. Nikamjibu kwamba sisi wa Pwani hatukosi makumbi ya nazi.

Nikamwagiza wifi yangu Mwanaidi, msokota kamba wa Mlingotini, aniletee makumbi laini. Akaleta gunia. Wiki iliyopita nikaihamishia okidi humo, nikajisifu.

Leo majani yamelegea kama mchicha wa jana.

Mchana wifi akaingia. "Haya wifi, kamba uliyosokota iko wapi?"

"Kamba gani? Nimepandia ua."

"Yarabi! Makumbi yale nimeyafukua pwani, yamelala kwenye maji ya bahari miezi ili yalainike kwa kusokota! Chumvi tumekula sisi wazee, ua hulionei huruma?"

Nikaonja uzi mmoja. Chumvi tupu.

Nimeyatoa yote, nimeiosha kwa maji ya mvua, lakini mizizi mingi imeshakuwa myeusi. Wifi anasema nikate kila kitu, nibakize chipukizi moja tu. Nikate alichokilea marehemu miaka yote? Mkono unakataa.

Aliyewahi kuokoa mmea wa namna hii aniambie, ingawa matumaini sina.

Kisu kipo mezani, nami nimekaa kwenye kiti chake. Nikishaamua, nitawaandikia.