Mwenyekiti wa Vikao Ambavyo Hakuvihudhuria

Saa moja na nusu asubuhi kengele inalia, na Mama Zipu tayari ameinamia cherehani yake, laini ya saba, kiti cha tatu kutoka dirishani. Anapuliza vumbi la nyuzi kwenye sindano, anavuta boksi la zipu nyeusi na kulaza ya kwanza juu ya suruali ya mtoto. Haipiti dakika moja, suruali imeshahamia kwa jirani.

"Mheshimiwa mwenyekiti," anapaza sauti mshonaji wa mifuko anayeketi nyuma yake, "naomba ruhusa niende chooni. Au tusubiri kamati ikae?"

Laini nzima inaangua kicheko. Mama Zipu naye anacheka, huku mkono ukiendelea kusukuma kitambaa. Utani huu una miezi minne sasa, na yeye hauchukii. Anachokichukia ni kilichouzaa.

Ana miaka arobaini na mitatu. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa, akishona zipu sabini na tano kwa saa kwenye suruali za shule zinazopelekwa ng'ambo. Mshahara wake humfikisha tarehe ishirini; siku zinazobaki, anasema, "ni za Mungu na za mwenye duka."

Katika miaka hiyo kumi na mmoja hakuwahi kuchelewa wala kubishana na msimamizi. Wakaguzi wa wanunuzi walipokuja, yeye aliendelea kushona. Wageni walipokelewa ofisini, wakanywa chai, wakaonyeshwa mafaili, wakaondoka. Kilichokuwa ndani ya mafaili hayo hakikumhusu, au ndivyo alivyodhani.

Miezi minne iliyopita alikuja mkaguzi mmoja bila taarifa. Hakupitia ofisini. Alikuja moja kwa moja kwenye laini, karatasi mkononi na mkalimani pembeni, akalitaja jina kamili la Mama Zipu, jina ambalo hata jirani zake wa cherehani hawalitumii.

"Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi?" mkalimani aliuliza.

"Mimi?" Mama Zipu anakumbuka alivyojibu. "Mimi ni wa zipu."

Nyuma ya mkaguzi, msimamizi alikuwa akimkonyeza na kutikisa kichwa juu chini kama mjusi ukutani: kubali, kubali tu. Mama Zipu alimtazama, akamtazama mgeni, akasema kweli, kwa kuwa hakuwa na uongo wowote tayari. Hajui kamati. Hajawahi kuona kikao. Hajui hata wanakaa chumba gani.

Wakampeleka kwenye chumba cha mikutano. Ndiyo mara ya kwanza kuingia humo, na anakumbuka viti vilivyokuwa bado na nailoni. Mkaguzi akafungua faili, akamgeuzia.

Ndani yake kulikuwa na mihtasari ya vikao thelathini na kimoja. Miaka mitatu ya vikao. Vyote viliongozwa na yeye, na kila ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi yake.

"Sahihi ile nzuri, jamani!" anasema, akionyesha kwa kidole hewani. "Ina mikia, inapinda, inarudi. Mimi nikiandika jina langu utadhani nimeandika kwa mguu."

Akasoma. Alisoma hadi darasa la saba na kusoma anajua. Kumbe wafanyakazi, wakiongozwa na yeye, waliomba wenyewe mapumziko ya mchana yapunguzwe kwa robo saa. Kumbe ni yeye aliyependekeza chumba cha kinamama wanaonyonyesha kigeuzwe stoo ya mabando ya vitambaa, kisha akaushukuru uongozi kwa usikivu wake. Hapo, anakiri, kicheko kilimponyoka.

Kisha akafika kikao cha kumi na tisa.

Kikao hicho kilikuwa na ajenda moja: ajali ya mfanyakazi wa mashine ya kubana vifungo. Mfanyakazi huyo ni wifi yake, dada wa mume wake, aliyekuwa laini ya tisa. Mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kinga ya chuma iliyotakiwa kuzuia vidole ilikuwa imefunguliwa wiki kadhaa kabla, ili kazi iende haraka.

Muhtasari ulisema vingine. Ulisema mwenyekiti alimwona mhusika kwa macho yake akichezea simu, na kwamba kamati imeridhika kuwa kampuni haina kosa.

"Nilisoma mara tatu," anasema Mama Zipu. Sauti yake, ambayo hushinda kelele za cherehani mia mbili, inashuka hadi mtu anainama kumsikia. "Nilihisi kama mtu ameingia ndani ya mwili wangu, akautumia kumtesa ndugu yangu, akatoka akafunga mlango."

Wifi yake alipoomba fidia alijibiwa kwa barua. Bado anayo kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Inasema ombi limekataliwa kwa ushahidi wa "mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi wenzako." Jina halikutajwa. Kwa miezi kumi na minne alimtafuta huyo shahidi kichwani mwake, mwishoni shaka yake ikamwangukia mwanamke waliyekaa naye mashine jirani. Akaacha kumsalimia. Walipokutana njiani, alivuka barabara.

Jioni ile ile ya ukaguzi Mama Zipu alikwenda kwake, mitaa miwili kutoka anapoishi. Alimkuta uani akifua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu. Mume wa Mama Zipu alikuwa amemshauri alale kwanza, aseme kesho. Hakuweza.

"Wifi, yule mwenyekiti nimemjua."

"Nani? Nitajie nimjue leo hii!"

"Ni mimi. Wameniandika mimi."

Wifi yake anasimulia kwamba kwanza alicheka, akidhani ni utani wa mawifi. Alipoona uso wa mwenzake, shati likamponyoka likaanguka kwenye mchanga. "Nilimwuliza, wewe? Wewe si ndiye uliyenishika mkono siku nzima? Uliniona nachezea simu saa ngapi?"

Hapo ndipo wote wawili wakashtuka upya. Muhtasari uliandika kuwa kikao kilianza saa nane mchana, siku ile ile ya ajali. Saa nane mchana Mama Zipu alikuwa hospitalini, magoti yake yakiwa mto wa kichwa cha wifi yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Mlinzi wa getini, mzee asiyetupa karatasi, alikuwa na daftari la siku hiyo. Limeandikwa: wanawake wawili, mmoja majeruhi, wametoka saa tano na robo. Sehemu ya kurudi iko tupu. Mlinzi aliwaruhusu waipige picha, akasema tu, "Mimi naandika ninachokiona."

Kwa nini yeye? Karani wa ofisi, ambaye sasa ameacha kazi, alimweleza bila kupepesa macho. Wanunuzi walidai kiwanda kiwe na kamati iliyochaguliwa. Uchaguzi ungechukua muda na kuleta maneno. Lilihitajika jina la mtu wa siku nyingi, mtu asiye na neno.

"Kumbe ukimya wangu ndio walioupigia kura," anasema Mama Zipu, na safari hii hacheki.

Meneja alimwita siku tatu baada ya ukaguzi. Alimwambia ni makosa ya uandishi, akamsogezea karatasi ya kufuta jambo hilo. Sahihi moja tu, basi. Mama Zipu aliirudisha peni. Uongozi wa kiwanda, ulipoulizwa kwa ajili ya simulizi hii, ulijibu kwa sentensi moja kwamba suala linashughulikiwa.

Si wote waliompigia makofi. Mnunuzi alisimamisha oda kwa siku tisini hadi uchaguzi wa kweli ufanyike, na mtu akisikia oda imesimama husikia watoto wake wakilia. Mwanamke wa kupiga pasi alimwambia usoni, "Wifi yako vidole viwili, sisi matumbo mia tisa."

"Hakukosea kuogopa," anasema Mama Zipu. "Nami niliogopa. Lakini nilimwuliza, kama mimi nimesaini bila kujua, wewe una uhakika gani hujasaini?"

Siku ya kura, anasema, mwanamke huyo alikuwa wa pili kwenye mstari.

Kura zilipigwa kwenye boksi la zipu lililozibwa kwa gundi. Kati ya mia nane themanini na nne, Mama Zipu alipata mia tano na kumi na saba. Safari hii alisaini mwenyewe, kwa herufi zile za mguu.

Kinga ya mashine ya vifungo imerudishwa. Chumba cha kinamama bado ni stoo. Fidia haijalipwa hata senti, na oda mpya ni nusu ya zamani. Wifi yake amekwenda kwa jirani yake wa mashine kuomba radhi. Alipokewa, anasema, ila chai ilinywewa kimya.

Kikao cha kwanza cha kweli ni Alhamisi hii. Ajenda ni moja: kufuta kikao cha kumi na tisa na kusikiliza upya ajali ile, kutoka kinywani mwa aliyeumia. Mama Zipu ameomba na kuandikiwa ruhusa ya kumwingiza ndani mtu ambaye si mfanyakazi tena.

Jana jioni walikuwa wameketi kibarazani, wifi yake akijaribu viatu vya kuazima. Ghafla akasita, kiatu kimoja mguuni.

"Na nikifika pale getini, wifi, niseme nimekuja kwa nani?"

"Sema umekuja kwa mwenyekiti."